Samaki Aliyekata Mshipi

  

Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya samaki. Huenda msomaji akashangaa, akasema: "Watu wa milimani wana khabari gani na samaki? Waacheni watu wa Tanga na Pangani wazungumze samaki, nanyi wa Lushoto mzungumze kabichi na viazi." Neno hilo lina haki yake. Lakini samaki tunayemkusudia si yule wa kikaangoni. Ni yule asiyefika kikaangoni: samaki mkubwa aliyeshika ndoana, akavuta, akakata mshipi, akaenda zake, wala hapana aliyemwona. Samaki wa namna hiyo ana jambo la ajabu. Wenzake walio majini hukua kwa kula. Yeye hukua kwa kusimuliwa. Na kukua kwake kuna madhara, kama tutakavyoeleza, inshaallah.

Kwanza yatupasa tueleze uvuvi wenyewe, kwani wasomaji wetu wa pwani wanajua jarife, dema na mshipi wenye chubwi, lakini huu wengi wao hawaujui. Mvuvi hatumii chambo cha nyama wala cha mnyoo. Huchukua ndoana ndogo, akaifunga nyuzi na manyoya ya ndege mpaka ikafanana na nzi, au na mdudu mwingine aishiye karibu na maji. Ndoana hiyo ni nyepesi, haiwezi kutupwa peke yake. Basi uzito wa kuipeleka mbali umo katika mshipi wenyewe, ambao hupungwa nyuma na mbele kwa ufito mrefu mwembamba, kisha ukaachiliwa ukatua juu ya maji taratibu. Samaki hudhani kwamba mdudu ameanguka, akamrukia. Mwisho wa mshipi ule hufungwa uzi mwembamba sana ili samaki asiuone. Na wembamba huohuo ndio unaompa samaki mkubwa nafasi ya kuukata.

Samaki anayetafutwa khasa kwa namna hii ni trauti, naye si mwenyeji wa Afrika Mashariki. Asili yake ni nchi za baridi. Mwaka 1905 mlowezi wa Kiingereza, Ewart Grogan, alileta mayai ya trauti kutoka Loch Leven katika nchi ya Scotland, yakatiwa katika mto Gura wa milima ya Aberdare, Kenya. Na baadaye samaki hao wakapandikizwa katika vijito vingine vya milimani vyenye maji ya baridi. Huku kwetu Usambara, wazee husimulia kwamba zamani za Mwingereza wageni walikuwa wakipanda na fito zao kuvua trauti katika mto Mkuzu, ule ambao maporomoko yake ya Soni huonekana na kila apandaye Lushoto kutoka Mombo.

Katika wazee hao alikuwapo mmoja, sasa ni marehemu, Mwenyezi Mungu amrehemu, ambaye katika ujana wake alikuwa mtumishi wa mgeni mmoja, akajifunza kwake kurusha nzi wa manyoya. Mgeni alipoondoka alimwachia ufito. Jioni moja, jua likiwa limekwisha kuingia nyuma ya mlima, kijana yule alikuwa akivua katika shimo la maji lenye kina, chini ya mwamba. Trauti mdogo akashika. Alipokuwa akimvuta, kitu kizito kikamkamata yule mdogo chini ya maji. Ufito ukapinda, mshipi ukaenda chini ya mwamba, uzi ukakatika. Basi, hivyo tu. Sisi wenyewe tulimsikia akisimulia khabari hiyo zaidi ya mara moja, naye katika uzee wake alikuwa akiisema vilevile. Alikuwa akisema: "Sikumwona. Nilimhisi mkononi tu."

Sasa tazameni, enyi ndugu, yaliyoipata khabari hiyo baada ya kutoka kinywani mwake. Aliyeisikia kwake alimwambia jirani kwamba samaki yule alikuwa mrefu kama mkono. Jirani akaipeleka sokoni, na huko samaki akawa na unene wa gogo. Kutoka sokoni ikapanda vijijini, ikarudi ikiwa na nyoka mwenye shungi. Mwishowe hakuwa samaki tena wala nyoka, bali ni shetani wa mto, mwenye kulinda shimo. Wanawake wakaacha kuteka maji pale, wakawa wanapanda kilima kirefu na ndoo vichwani kwenda kuteka penginepo. Tena wakatokea watu, nao ni watu wanaoswali, waliokwenda kuchinja kuku kando ya shimo lile ili mwenyewe asikasirike. La haula wala quwwata illa billah! Mshipi umekatika, na watu wamefikia kumchinjia asiyekuwa Mwenyezi Mungu.

Wala mambo hayakukomea hapo. Miaka mingi baadaye wakainuka vijana wa zamani hizi, wasioogopa mashetani, nao wakasema: "Sisi tutamtoa huyo samaki, tumwuze." Wakatwanga majani ya utupa, mti ambao babu zetu walijua kwamba unalewesha samaki, wakayatia ndani ya shimo, magunia kwa magunia. Samaki wadogo wakaelea matumbo juu. Samaki mkubwa hakutokea. Lakini chini ya shimo lile palikuwa na mfereji, na mfereji ule ulipeleka maji katika bwawa la perege la mjane mmoja, aliyekuwa akisomesha watoto wake kwa bwawa hilo. Asubuhi mjane alikuta perege wake wote wamekufa.

Kesi ile ilikuja msikitini mbele ya wazee, na sisi tulikuwapo. Vijana hawakukana. Walisema kwamba hawakumkusudia mjane, na hilo lilikuwa kweli. Lakini sheria yetu haimwachi aliyeharibu mali ya mtu kwa sababu hakukusudia. Dhambi huangaliwa kwa nia, ama mali hulipwa. Wazee wakaamua walipe, wazazi wao wakauza mbuzi, mjane akapata vifaranga vya perege vya kuanzia upya, na mwaka mzima wa kungoja. Mzee mwenye ufito alikuwa angali hai siku hizo. Alipoulizwa habari ya samaki yule alijibu neno ambalo hatujalisahau. Alisema: "Mimi nilisema mshipi ulikatika. Huyo samaki wenu mnamjua ninyi."

Basi swali letu la mwezi huu ni hili: vijana walilipa perege, je, wale walioikuza khabari kutoka uzi uliokatika mpaka gogo, na kutoka gogo mpaka shetani, wao walilipa nini? Hawakuulizwa na mtu. Hapana aliyewajua hata majina. Kila mmoja aliongeza shubiri moja tu, akaona ni maskhara ya barazani. Lakini katika sura ya Al-Israa, aya ya 36, Mwenyezi Mungu ametukataza kufuata tusiyo na ujuzi nayo, akatujulisha kwamba masikio na macho na moyo, vyote hivyo vitaulizwa. Mwenye kusimulia asichokiona amelishuhudisha jicho lake jambo ambalo jicho halikulishuhudia. Na katika Hadithi sahihi iliyomo katika kitabu cha Imam Muslim tumefundishwa kwamba yamtosha mtu kuwa mwongo akisimulia kila alichokisikia. Angalieni vizuri: haikusemwa "akiongeza", imesemwa akisimulia kila alichokisikia tu. Ikiwa mpokeaji asiyechunguza ana hali hiyo, mwenye kuongeza ana hali gani?

Watoto wetu wa chuoni, wakifika katika masomo ya Hadithi, huona uzito kuhifadhi majina ya wapokezi: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani. Huuliza: "Mwalimu, kwa nini tusisome maneno yenyewe tu?" Jawabu lake ni huyu samaki wa Mkuzu. Maulamaa wetu walisafiri miezi kwenda kuuliza neno moja, wakamchunguza kila mpokezi: ni mkweli au si mkweli, alikuwapo au hakuwapo, hifadhi yake ni nzuri au imeingia udhaifu. Walijua kwamba neno likipita vinywani bila ya mlinzi, hunenepa. Na sisi ambao dini yetu imetufikia kwa ulinzi huo, ni aibu kwetu kuwa wepesi wa kupokea khabari ya sokoni bila ya kuuliza: "Nani kaona?"

Huenda mtu akasema: "Je, mwataka kutuambia kwamba hapakuwa na kitu katika shimo lile?" La, hatusemi hivyo. Kukanusha bila ya ujuzi ni sawa na kuthibitisha bila ya ujuzi. Kitu kilikuwapo, kwani mzee ni mkweli na mkono wake ulikihisi. Tena katika mito ya nchi yetu inayokwenda katika Bahari ya Hindi yumo samaki ambaye khabari zake za kweli zapita hekaya zote za barazani, naye ni mkunga wa mtoni. Huyu huanguliwa mbali baharini. Akiwa mchanga ana umbo kama la jani, mwili wake waonyesha upande wa pili kama kioo, naye huchukuliwa na mikondo mpaka karibu na pwani. Hapo hugeuka akawa kama uzi, akaingia mtoni, akapanda. Akiwa mdogo aweza kupanda hata miamba yenye maji maji, mahali ambapo samaki wengine hushindwa. Hukaa katika maji matamu miaka mingi, akinenepa, akijificha mchana chini ya mawe na kuwinda usiku, mpaka akapita urefu wa mita moja. Kisha, wakati wake ukifika, huteremka mto wote, akarudi baharini, akazaa mara moja, akafa.

Wataalamu walihangaika sana na jamaa za samaki huyu. Aristotle, yule mwenye hekima wa Kiyunani, alidhani kwamba mikunga huzaliwa na matope, kwa kuwa hakupata kuona mayai yao. Mtaalamu wa Denmark, Johannes Schmidt, alianza mwaka 1904 kutafuta mahali wanapozaa mikunga wa Ulaya, akizunguka bahari ya Atlantiki kwa miaka mingi, akikamata wachanga na kuwapima, akifuata palipo na wadogo zaidi, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1920 akaonyesha kwamba asili yao ni bahari ya Sargasso, upande wa Marekani. Tazameni subira hiyo, na mizani hiyo! Ama yule wa shimo la Mkuzu, hatusemi kwamba alikuwa mkunga. Hatukumwona, na mzee hakumwona. Twasema tu kwamba ulimwengu wa Mwenyezi Mungu una maajabu ya kutosha. Hauhitaji kuongezewa shungi.

Na Qur'ani yenyewe imetusimulia khabari ya samaki aliyepotea. Katika sura ya Al-Kahf, aya ya 60 mpaka ya 64, Nabii Musa alayhi ssalaam alisafiri pamoja na kijana wake kutafuta mahali zinapokutana bahari mbili, na samaki wao alikuwa ndiye alama ya mahali hapo. Walipopumzika kwenye jabali, samaki akaponyoka, akashika njia yake baharini kwa namna ya ajabu. Wakaendelea na safari. Musa alipotaka chakula cha mchana, ndipo kijana alipomwambia kwamba alimsahau samaki kule jabalini, na kwamba samaki ameingia baharini.

Katika kisa hiki tuna mafunzo mawili yanayohusu nyumba zetu. La kwanza ni ukweli wa kijana. Amepoteza chakula cha safari, na mbele yake yuko mtukufu miongoni mwa Mitume. Angaliweza kusema: "Tulivamiwa," au "Ndege mkubwa kamnyakua." Hakusema hivyo. Alisema: nimesahau; samaki kaenda. Na la pili ni jawabu la Musa. Hakumkemea wala hakumpiga. Alisema kwamba hapo ndipo walipokuwa wakipataka, wakarudi kwa kufuata nyayo zao. Kwa khabari ile iliyosemwa kama ilivyokuwa, wakampata yule mja mwema mwenye elimu waliyokuwa wakiitafuta. Lau kijana angaliongeza au angalipunguza, wangalirudi wapi?

Enyi baba na mama, hapa pana jambo lenu. Mtoto ametumwa dukani, amepoteza shilingi mia tano. Akija akisema "Nimepoteza," huchapwa fimbo. Akija akisema "Nimeporwa na watu watatu wenye mapanga," hupakatwa na kupewa uji. Basi nani aliyemfundisha kukuza samaki? Ni sisi tuliomwadhibu kwa udogo wa khabari yake, tukamtuza kwa ukubwa wake. Mtoto akisema kweli juu ya alichopoteza, mpokeeni kama Musa alivyompokea kijana wake. Muonyeni juu ya uzembe ikiwa amezembea, lakini onyo liwe jepesi kuliko lile la uongo, ili ajue ipi katika mbili ndiyo nzito.

Tena mtu asidhani kwamba dini yachukia khabari za mambo makubwa. Bukhari na Muslim wamepokea kwa sahaba Jabir, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, kisa cha jeshi la watu 300 chini ya Abu Ubayda. Chakula kiliwaishia mpaka kila mtu akawa anapewa tende moja kwa siku, wakala na majani ya miti. Wakafika pwani, wakakuta bahari imewatupia samaki mkubwa aitwaye Anbar, wakamla siku nyingi mpaka miili yao ikarudi. Khabari hii ni kubwa. Lakini angalieni namna ilivyopokewa. Walisimamisha ubavu wa samaki yule, wakampitisha chini yake mtu aliyepanda ngamia. Waliketisha watu kumi na watatu katika tundu la jicho lake. Na walipofika Madina walimwuliza Mtume (S.A.W.), naye akawajulisha kwamba hiyo ni riziki waliyotolewa na Mwenyezi Mungu, akataka waliyobakiza, akala. Pana mashahidi, pana kipimo, pana nyama. Samaki mkubwa wa kweli haogopi kupimwa.

Na katika zamani zilizo karibu nasi, tarehe 22 Desemba 1938, katika mji wa East London, Afrika Kusini, mwanamke aliyekuwa mtunzaji wa nyumba ya makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, aliona katika shehena ya meli ya uvuvi samaki asiyemjua mtu: rangi ya samawi, mapezi mazito kama miguu, urefu wa mita moja na nusu, uzito wa kilo 57. Hapakuwa na barafu wala dawa za kutosha kumhifadhi mzima. Matumbo yake yalitupwa, ikabaki ngozi iliyokaushwa. Lakini yeye alichora picha, akapima, akaandika barua kwa mtaalamu J. L. B. Smith. Kwa picha ile ya kweli Smith alitambua kwamba huyu ni silikanti, katika jamaa ya samaki waliodhaniwa wametoweka duniani zaidi ya miaka milioni sitini iliyopita. Wa pili hakupatikana kwa wataalamu mpaka Desemba 1952, huko Anjouan katika visiwa vya Komoro, ambako wavuvi walikuwa wakimjua zamani kwa jina la gombessa. Na tangu mwaka 2004 wavuvi wa Tanga, majirani zetu tunaowaona kwa mbali siku za anga safi, wamewapata wengi katika majarife yao, hata mwaka 2009 ikawekwa hifadhi ya bahari ya silikanti huko Tanga. Lau mwanamke yule angalisema mita tatu na meno ya simba, nani angalimsadiki? Kweli yake ndogo, iliyopimwa, ndiyo iliyofungua mlango mkubwa.

Sasa twende ndani zaidi, kwani kukuza khabari ni tawi tu. Mzizi uko kwingine. Kwa nini mtu amkuze samaki aliyemponyoka? Kwa sababu moyo wake haujakubali kwamba amemkosa. Aliyempata humpima, akampika, akamsahau. Aliyemkosa hubaki naye. Na tuchunguze, si wavuvi peke yao. Yuko mkulima ambaye miaka kumi sasa asimulia kabichi ambazo angaliuza Dar es Salaam lau lori halikuharibika Soni. Kila mwaka kabichi zile huzidi. Yuko mume amwambiaye mkewe kila siku za dhiki juu ya shamba aliloliacha lisinunuliwe, na mke ambaye kila ugomvi humtaja mchumba wa kwanza aliyemposa, ambaye kwa wakati huu amekwisha kuwa tajiri na mpole kuliko alivyokuwa hai. Nyumba ngapi zimeingia moto kwa samaki wa namna hii! Aliye mezani hasifiwi. Aliye mtoni hasahauliwi.

Tiba yake imo katika sura ya Al-Hadid, aya ya 22 na 23. Mwenyezi Mungu ametujulisha kwamba hapana msiba unaofika katika ardhi wala katika nafsi zetu ila umekwisha kuandikwa kabla ya kuumbwa kwake. Na akatueleza sababu ya kutujulisha hilo: ili tusisononeke kwa kilichotupita, wala tusijivune kwa tulichopewa. Yote mawili yametajwa pamoja, kwani ni maradhi mamoja. Mwenye kujivuna kwa samaki aliyempata na mwenye kulia kwa aliyemkosa, wote wawili wamedhani kwamba samaki ni wa ufito wao. Na katika Hadithi aliyoipokea Abu Hurayra, iliyomo katika Muslim, Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tuyakazanie yenye manufaa nasi, tumtake Mwenyezi Mungu msaada, tusilegee, na likitupata jambo tusiseme "lau ningalifanya hivi", bali tuseme kwamba Mwenyezi Mungu amekadiri, na alitakalo hufanya, kwani neno "lau" hufungua kazi ya shetani. Zingatieni kwamba kukazana kumetangulia. Hatukuambiwa tulale. Mvuvi na afunge fundo lake vizuri, akague uzi wake kabla ya kurusha. Ukikatika baada ya hapo, amwachie Mola wake.

Kabla hatujamaliza, tujibu maswali tuliyozoea kuulizwa na vijana wanaofuatana na wageni.

Wameuliza: kuvua kwa nzi wa manyoya ni halali, ilhali ni kumhadaa samaki? Jawabu: uvuvi umehalalishwa katika sura ya Al-Maida, aya ya 96, na hila ya kuwinda si khiana, kwani khiana ni kwa mwenye ahadi, na samaki hana ahadi na mvuvi.

Wameuliza: na anayevua, kisha akamrudisha majini, akavua mwingine, kwa mchezo tu? Jawabu: kuvua kwa kula, au kwa kuuza, au kwa elimu, hakuna neno. Ama kumtesa kiumbe mwenye roho kwa furaha ya kumtesa tu, hilo halilingani na mafunzo ya Mtume wetu, aliyekataza kufanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Aliyemvua mdogo asiyefaa, akamrudisha upesi akiwa hai ili akue, huyo amefanya wema.

Wameuliza: mkunga huliwa, naye yuko kama nyoka? Jawabu: katika madhehebu yetu ya Imam Shafii samaki huliwa hata kama sura yake si ya samaki wengine, na mkunga ni samaki.

Wameuliza: yafaa kuuza samaki aliye mtoni kabla ya kuvuliwa? Jawabu: haifai, kwani si mali ya muuzaji, wala hawezi kumkabidhi. Na hapa pana hekima kwa msimulizi pia. Usichoweza kukiuza kwa sababu hukukishika, usikisifu kana kwamba umekishika.

Ama utupa, na baruti zilizoangamiza miamba ya bahari ya Tanga, hayo ni ufisadi katika ardhi na bahari, na mwenye kuyatenda atadaiwa na kila aliyekuwa akinywa na kula katika maji hayo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azifanye ndimi zetu ziwe sawa na macho yetu, aturidhishe na aliyotugawia, atusahaulishe aliyotuzuilia, awaruzuku wajane na mayatima wetu riziki ya halali, na amrehemu mzee wetu aliyepoteza samaki asipoteze ukweli wake. Amin.

Wabillahi ttawfiq. Wassalaam alaykum.